Maswali Yenu: Siku Tatu za Kumtafuta Bakteria Mmoja

Safari hii maswali ya maabara yamekuwa mengi kweli, nimechagua manne, na yaliyofanana nimeyaunganisha, kwa hiyo ukiona swali lako limekatwa mkia usininunie.

Shikamoo daktari. UTI hainiachi. Zahanati wananipima mkojo palepale, napewa dawa, napata nafuu halafu inarudi. Sasa nimetumwa hospitali kubwa, wamechukua mkojo wananiambia nirudi baada ya siku tatu. Siku tatu za nini jamani, wakati zahanati majibu yanatoka hata soda sijamaliza? – Mama Junior, Mbagala

Marhaba mama Junior, na pole sana. Mimi sio daktari, ni mtu wa maabara tu, ila hili ni la kwetu kabisa. Zahanati wanachovya kile kijiti cha karatasi na labda wanaangalia kwa darubini, wanatafuta seli za usaha na naitraiti, kemikali ambayo baadhi ya bakteria wanaiacha kwenye mkojo, kwa hiyo wanaweza kukwambia kuna dalili za maambukizi ila hawawezi kukwambia ni bakteria gani wala dawa gani inammaliza. Hospitali wameamua kuotesha. Tunachota mkojo kwa kakitanzi kanakobeba maikrolita 1 tu, tunaupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria halafu sahani inalala kwenye inkubeta nyuzi 35 hadi 37 mpaka kesho yake. Kila bakteria mzima aliyetua pale anazaana hapohapo mpaka linatokea doa unaloliona kwa macho, tunaita koloni. Zikifika 100 maana yake mililita moja ya mkojo wako ina bakteria kama 100,000, na hicho ndo kiwango kinachotumika sana kusema hapa UTI ipo, japo mwenye dalili kali hata chini ya hapo daktari anaweza kumtibu.

Rangi nazo zinaongea. Kwenye sahani ya MacConkey, aina moja ya chakula cha bakteria, E. coli, yule bakteria wa utumboni, anatoka waridi sababu anachachusha sukari ya maziwa, Klebsiella naye waridi ila mzito wa ute ute, Proteus hana rangi, lakini mpande kwenye sahani ya damu uone, anatambaa mawimbi mawimbi mpaka anawafunika wenzake. Kunusa sahani ni marufuku siku hizi, ila Proteus haombi ruhusa, harufu inakufuata yenyewe.

Hiyo ni siku moja imeisha. Kesho yake tunamthibitisha kwa vipimo vya kemia, anavunja yurea au havunji, anatoa indoli au hatoi, na hapohapo tunampanda kwenye sahani nyingine tukiwa tumembandikia vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Siku inayofuata tunapima kwa rula duara ambalo bakteria ameshindwa kuota kuzunguka kila kidonge. Ndo siku zako tatu hizo, na ndo zitakazosema kama ile dawa unayopewa kila mara bado inafanya kazi kwako. Tafadhali usimeze dawa zilizobaki nyumbani kabla ya kutoa mkojo, sahani itakuja tupu nasi tutaandika hakuna kilichoota wakati wewe unaumwa. Toa mkojo wa katikati, wa mwanzo uache uende, na ufike maabara ndani ya masaa 2 au ukae friji. Zikiota aina tatu nne pamoja tunahisi ni uchafu wa ngozi umeingia, tutakuomba mwingine.

Asalaam aleikum ndugu. Kila homa ikinishika naambiwa taifodi, widal 1:160. Nimekunywa dawa nimechoka. Hawa bakteria wamejenga nyumba kwangu ama? – Msomaji, Kisauni

Waaleikum salaam. Hapa mie naona wengi mnaonewa, na nitasema wazi. Kipimo cha Widal, cha tangu 1896 kwa jina la yule Mfaransa Fernand Widal, hakimtafuti bakteria hata kidogo, kinatafuta kingamwili zako, askari ambao mwili unawatengeneza kupigana na wadudu. Na kingamwili zinabaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, zinaweza kutoka kwenye chanjo au kwenye Salmonella wengine wanaofanana na bakteria wa taifodi, kwa hiyo mtu wa mahali ambapo taifodi ipo kila siku anaweza kuwa na 1:160 (yaani damu yake ikizimuliwa mara 160 kingamwili bado zinaonekana) huku homa yake inatokana na kitu kingine kabisa. Angalau wangekupima mara mbili, ya pili baada ya wiki moja hadi mbili, waone kama kipimo kimepanda mara nne. Kipimo kimoja peke yake mimi nisingekiamini.

Kumpata mwenyewe Salmonella Typhi, bakteria wa taifodi, ni kuotesha damu, hasa wiki ya kwanza ya homa na kabla ya dawa. Nacho si malaika, kinamkosa kwa wagonjwa wengi tu sababu bakteria kwenye damu ni wachache mno, ndo maana tunaomba damu ya kutosha sio matone. Akiota tunamjua kwa tabia, hachachushi sukari ya maziwa, kimeng'enya cha oksidesi hana, yurea havunji, anatoa weusi kidogo tu wa salfa na gesi hatoi. Halafu tunamchanganya na seramu maalumu tuone kama anagandana. Kwa njia hiyo ya seramu, kusoma ukuta wake na mikia yake, Salmonella wamegawanywa aina zaidi ya 2,500, na nyingi zimepewa majina ya mahali, yupo Salmonella Zanzibar, yupo Kisangani, yupo Mbandaka. Sifa ya ajabu kwa mji, lakini ndo hivyo.

Mwalimu anasema kwa DNA Shigella na E. coli ni kitu kimoja, halafu praktiko tukiwachanganya anatukata maksi! Pia Gram stain ya 1884 bado ya nini wakati mashine zipo? – Mwanachuo, Morogoro

Mwalimu yuko sahihi kote kote mdogo wangu. Ukipanga kwa DNA Shigella anaingia ndani ya E. coli, ila jina limeachwa kwa ajili ya mgonjwa, maana daktari akisoma Shigella anajua ni kuhara damu, akisoma E. coli kwenye choo hashtuki, kila mtu anaye. Kwenye benchi Shigella hatembei, gesi kwa kawaida hatoi, na laktosi, ile sukari ya maziwa, haigusi isipokuwa Shigella sonnei ambaye anachelewa. Hata hiyo mashine ya MALDI-TOF mnayoisifia, inayotaja jina la bakteria ndani ya dakika chache, hawa wawili inawachanganya vibaya, tena inasubiri koloni iote kwanza.

Gram, yaani kupaka bakteria rangi na kuwaangalia kwa darubini, haisubiri. Maji ya uti wa mgongo yakifika usiku, zambarau, aidini, spiriti, safranini, ukaona viduara viwili viwili vyekundu ndani ya seli nyeupe, unapiga simu wodini hapohapo kwamba inaelekea ni meningokokasi, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, matibabu yanaanza. Na kwa kuwa uko chuo nikuongezee la mtihani: ukipima katalesi, kimeng'enya kinachotoa mapovu ukiweka haidrojeni peroksaidi, usichote koloni na damu ya sahani, seli nyekundu zina katalesi yao, utaona mapovu utaita staifilokokasi, ambaye anayo, kumbe ni streptokokasi, ambaye hana. Tumia kijiti cha mbao, waya nao unaweza kukudanganya.

Nimemaliza dawa za TB, GeneXpert bado inasoma chanya. Dawa hazikufanya kazi? – Jina limehifadhiwa

Usiogope kwanza. GeneXpert inatafuta DNA, inajibu ndani ya masaa 2 na inakwambia pia kama kuna usugu wa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, ila haijui bakteria mzima na maiti, DNA ya waliokufa inaweza kusomeka muda mrefu. Kufuatilia matibabu tunatumia darubini na kuotesha, na kuotesha TB kunaenda wiki kadhaa, mpaka 8, maana anajigawa mara moja kwa karibu siku nzima wakati E. coli anachukua dakika kama 20. Rudi kliniki ulikotibiwa, waambie wazi umeshamaliza dozi, waombe waoteshe, na upeleke makohozi ya asubuhi yaliyotoka kifuani, mate hatupokei.