Saini, kosaini au tanjenti? Anza na mchoro

Mdogo wangu, unasema SOTOCAHAH, kile kifupi cha kukumbuka fomula za saini, tanjenti na kosaini, umeikariri hadi unaiota usiku, lakini ukipewa swali hujui uchukue saini, kosaini au tanjenti. Pole, kidato cha pili nami kilinitesa hapohapo. Shida si fomula. Unazikimbilia kabla hujachora.

Chukua mnazi. Umesimama mita 12 kutoka kwenye shina, na ukikitazama kilele jicho linapanda nyuzi 40. Chora. Sasa weka kidole kwenye pembe hiyo ya 40. Upande ambao kidole hakiugusi ndio unaotazamana nayo, yaani urefu tunaoutafuta. Ule mrefu kuliko yote, ulioikabili pembe mraba, ni haipotenusi. Zile mita 12 ni upande jirani. Haipotenusi hukupewa wala huitafuti, achana nayo. Imebaki tanjenti tu, yaani upande unaotazamana na pembe kugawa kwa upande jirani. Tan 40 ni 0.8391, basi urefu ni 12 × 0.8391, karibu mita 10.07.

Umemaliza? Bado! Jicho lako haliko chini mchangani. Kama liko mita 1.5 juu, mnazi una mita 11.57. Hapo wengi hupoteza alama.

Kikokotoo kikikwambia tan 40 ni namba hasi, usikitupe, kimewekwa tu kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye nyuzi.

Kisha jaribu hili: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, na chini imefanya nyuzi 60 na sakafu. Inafika juu kiasi gani? Mimi nimepata mita 4.33.