Maswali ya wasomaji: Simu inakataa kidole changu

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mwashi, naishi Katuba, Lubumbashi. Simu yangu ya Android ina programu ya kuombea vyeti vya Leta (serikali), inayofunguliwa kwa kidole. Asubuhi inakubali, jioni nikitoka kazini inakataa. Juzi mdogo wangu aliongeza kidole chake kwenye simu, na programu ikanitaka nijisajili upya. Je, alama yangu inatumwa Kinshasa?

JIBU: Fundi, programu ikitumia kisomaji cha simu yenyewe, alama haiendi popote. Simu huihifadhi kama hesabu mahali palipofungwa ambapo hata programu haifiki. Kidole kikikubaliwa, ufunguo wa siri uliomo humo (namba ndefu ambayo programu ilitengenezewa ulipojisajili) hutia sahihi ombi lako, na sahihi ndiyo inayosafiri. Alama ulizotoa kwa kadi ya mpiga kura ni jambo lingine kabisa.

Tatizo la jioni ni simenti. Chokaa yake hula ngozi, mistari ya kidole ikalala, na vumbi likajaza mifereji. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri (maji nayo huchanganya kisomaji), paka mafuta kidogo sana, kisha pangusa kioo. Usibonyeze kwa hasira: ukikosea mara 5 simu hukusubirisha sekunde 30.

Dawa yenyewe ni kusajili vidole upya, lakini zingatia utaratibu. Kidole kipya kikiingia, ufunguo wa zamani hufutwa makusudi, la sivyo yeyote anayejua kode yako ya kufungulia simu angeongeza chake na kuomba vyeti kwa jina lako. Kwa hiyo programu haikukosea. Ila ukijisajili upya huku kidole cha mdogo wako bado kimo, naye atafungua vyeti vyako. Anza kwa kufuta chake, halafu badilisha kode, maana bila kuijua asingeweza kuongeza kidole. Kisha futa alama zako za zamani, usajili jioni, mikono ikiwa katika hali ya kazi: kidole gumba, ukikigeuza hadi pembeni, pamoja na kidole cha pete cha mkono usioshika mwiko, ambacho hakichakai haraka. Vidole vyote vikishaingia, ndipo ufungue programu na kujisajili.

Usitegemee kufungua kwa uso. Simu nyingi za bei nafuu hutazama kwa kamera ya kawaida, na picha nzuri huweza kuzidanganya.

Kode usiisahau: umeme ukikatika na simu ikazimika, ikiwaka tena itaidai kwanza kabla ya kukubali kidole chochote.