Laptop imelala kwenye chaji, asubuhi haiwaki

Ndugu yangu wa Mikindani, umesema taa ya chaji inawaka ila ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Usikimbilie kununua betri.

Chomoa chaja. Betri kama inatoka, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia, ushikilie sekunde 30, uachie. Hapo unamaliza umeme uliobaki kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani), ambao huweza kuigandisha mashine. Rudisha chaja bila betri, uwashe. Ikiwaka, shuku betri. Betri ikiwa ya ndani, fanya hilo la kushikilia tu, kisha rudisha chaja.

Bado? Pima chaja kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), upande wa volti za DC. Iliyoandikwa volti 19.5 isome karibu na hapo. Ikishuka hadi 12 au kuchezacheza, tafuta nyingine ya volti hizohizo, ampea zisipungue. Chaja ya Type-C usiipime hivi, maana bila kuongea na laptop hutoa volti 5 au sifuri.

Kisha mulika tundu la chaji kwa tochi. Huku kwetu pwani chumvi ya hewani inakula shaba. Ukiona ukijani kwenye pini, safisha kwa mswaki laini na spiriti (isopropyl alcohol) ya asilimia 99, chaja ikiwa imechomolewa, uache ikauke kabisa.

Feni ikizunguka na skrini ni nyeusi, izime, chomoa chaja, kisha chomoa RAM (kadi ya kumbukumbu), futa meno yake kwa ufutio, irudishe hadi vibanio vilie.

Ila ukikuta betri imevimba, tafadhali sana, usiichaji wala kuitoboa. Inaweza kulipuka moto.