Andiko letu la chanja za mwani limekataliwa mara mbili. Tunakosea wapi?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 26 tunaolima mwani wilayani Mkinga, Tanga. Tumeomba ruzuku mara mbili tujenge chanja, yaani majukwaa ya kukaushia mwani juu ya ardhi, mara zote tumekataliwa. Barua ya mwisho inasema tatizo halijathibitishwa na bajeti haiendani na shughuli. Andiko linaanza hivi: "Kikundi kinakabiliwa na ukosefu wa chanja." Kwenye bajeti tuliweka chanja, kompyuta, na semina ya siku tatu pamoja na posho. Miti tuliandika kuwa ni mchango wetu. Andiko lote nimeliambatanisha. Turekebishe nini?

JIBU: Marahaba, dada. Hiyo barua itunze. Wafadhili wengi hukaa kimya tu, mwombaji akabaki kukisia.

Kilichowaponza ni ile sentensi ya kwanza. Ukosefu wa chanja si tatizo. Ni suluhisho mlilokwisha kulichagua, mkaliita tatizo. Anayesoma andiko ofisini Dar es Salaam pengine hajawahi kuona mwani. Hajui kwamba ukianikwa chini unaokota mchanga, kwamba mvua ikiunyeshea ukiwa nusu mkavu unapauka na kuharibika, na kwamba mnunuzi akitia mkono guniani akakuta mchanga anashusha bei au anauacha palepale. Anzeni hapo: kazi ya wiki sita baharini inapotelea nchi kavu.

Kisha lithibitisheni kwa daftari. Kwa bamvua mbili tatu zijazo, zile siku maji yanapokupwa sana, kila mnapovuna pimeni mwani mbichi, pimeni mkavu, andikeni kilo zilizonunuliwa, zilizokataliwa na bei mliyolipwa. Tena fanyeni jaribio dogo: fungu moja lianikeni juu ya kichanja cha fito na neti kuukuu, jingine chini kama kawaida, siku hiyohiyo. Tofauti ya shilingi kati ya mafungu hayo mawili itasema zaidi ya kurasa tatu za "kumwinua mwanamke kiuchumi", maneno ambayo msomaji wa maandiko ameshayaona asubuhi hiyo mara kumi. Na mfadhili akiuliza mtapimaje mafanikio, jibu mnalo tayari: kilo zinazokataliwa leo, na zitakazokataliwa mwaka mmoja baada ya chanja kusimama.

Sasa bajeti. Kompyuta haikaushi mwani, iondoeni. Semina nayo sioni ya nini. Kuanika mwani mnakujua kuliko mkufunzi yeyote mtakayemlipa posho. Kama shida ni kutunza hesabu, mwombeni afisa maendeleo ya jamii wa kata, hiyo ni sehemu ya kazi yake. Vitakavyobaki, yaani mbao, neti, misumari, turubai, fundi na usafiri kutoka Tanga mjini, kila kimoja kiwe na idadi, bei ya kimoja na jumla, na mwambatanishe profoma, yaani ankara za makadirio ya bei, za wauzaji wasiopungua watatu.

Ile miti mliyoiita mchango wenu ndiyo iliyonishtua. Kijiji cha pwani kikisema miti itapatikana bure, mtu wa mazingira anafikiria mikoko mara moja, na mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Hata kama mlikusudia mikaratusi ya shambani kwa mtu, andiko halikusema. Taja aina ya mti na unakotoka. Mchango wenu uwe nguvu kazi: watu wangapi, siku ngapi, kwa kiwango cha kibarua kinacholipwa hapo kijijini.

Jambo jingine, andiko lenu linanukia mkopo. Kama mlilichukua kutoka kwenye maombi ya ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo wanawake wana 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, kumbukeni kule mnaeleza mtarejeshaje fedha. Mtoa ruzuku harudishiwi kitu. Yeye anataka kujua nani mwingine atafaidika: je, mkulima asiye mwanachama ataruhusiwa kuanika? Kwa utaratibu gani? Nani atabadilisha neti ikichanika, kwa fedha ipi?

Ratiba mliiweka ujenzi Aprili. Aprili ni masika, dada! Pelekeni Julai, na siku za ujenzi ziangukie maji mafu, yanapokupwa kidogo tu, maana bamvua likifika hakuna mama atakayebaki nchi kavu kupigilia misumari.