Mboga za kuoka kwenye oveni: usijaze trei

Mwezi wa nne mpaka wa sita hapa Dodoma ndo wakati wangu wa kuoka mboga, mvua zimekata, maboga yamejaa pale soko la Majengo yamepangwa chini kwenye viroba, viazi vitamu vya Gairo vinaingia, na jioni kabaridi kanaanza kwahiyo kuwasha oveni sio adhabu. Huko Ulaya na Marekani trei zao za boga na karoti ni za mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja maana ndo mavuno yao, we usisubiri kalenda yao.

Malalamiko ninayosikiaga ni yaleyale, mboga zimetoka zimelegea, hazina rangi, oveni mbovu. Oveni haina shida bhana, umejaza trei. Mboga ina maji mengi ndani, ikipata moto inayatoa, sasa zikibanana yale maji yanageuka mvuke yanakosa pa kwenda na mboga zinachemka humohumo. Kila kipande kilale chenyewe, upande uliokatwa uguse bati, hapo ndo sukari ya kwenye kiazi na karoti inapata ile rangi ya kahawia na pembeni kunakuwa kama panaungua hivi, utamu wote uko pale. Familia kubwa? Trei mbili, au oka kwa awamu. Najua mtu anawaza luku, ila oveni ya kilowati 2 hata ikiwaka saa zima bila kupumzika ni uniti 2, na ikishapata moto inakuwa inajizima na kujiwasha kwahiyo inakula chini ya hapo.

Ukiosha, kausha na kitambaa kabla hujaweka mafuta. Watu wanarukaga hii.

Kwenye boga chagua lililokomaa, kikonyo kikavu na ganda gumu ambalo kucha haiingii, changa lina maji mno hata ufanyeje litalainika tu. Ganda mi siliondoi, likiiva linabanduka lenyewe. Na usiweke kila kitu kwa pamoja! Boga, kiazi na karoti zitangulie, vipande vya kama inchi moja na vilingane, moto nyuzi 200 mpaka 220, oveni iwe imeshapata moto kabla trei haijaingia. Baada ya dakika 20 hivi toa, geuza, ndo uongeze vitunguu vilivyokatwa vinene na hoho, rudisha dakika nyingine 15 au 20. Hoho ikianza na kiazi, kiazi kinaiva hoho imeshakuwa mkaa. Kitunguu saumu weka punje nzima na maganda yake, ukikitwanga kinaungua mapema kinakuwa kichungu.

Bamia nazo zinaokeka vizuri, weka nzima na moto mkavu unapunguza ute, ingawa sisi Wagogo tuliokulia mlenda tutakuuliza utelezi ulikukosea nini.

Mafuta alizeti yanatosha kabisa, ya zeituni ni mbwembwe tu, ila yale meusimeusi ya kukamua mtaani ambayo hayajasafishwa yanawahi kutoa moshi kwenye moto mkali, yaache kwa maharage, huku tumia yaliyosafishwa. Yawe ya kupaka tu, yaani vipande ving'ae, yasituame chini ya trei. Chumvi na pilipili manga, basi.

Msimu wa zabibu ukikutana na boga tupia kishada kimoja dakika 10 za mwisho. Zinapasuka, juisi inakuwa nzito inashika kwenye boga, jamani. Mbegu utazitema, ndo zabibu zetu hizo.

Na usiye na oveni, kama unaokaga keki kwa mkaa hii unaiweza, sufuria pana, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ila keki inataka ufunike utulie, mboga hapana, kila baada ya dakika kama 10 inua mfuniko na koleo mvuke utoke, taratibu, majivu yasidondokee kwenye boga.