Jiwe la saa kumi na mbili sio jiwe la saa saba

Mhariri mbukwenyi, na shikamoo kama umenizidi. Swali lenu la wiki hii, "Ni ubishi gani hauishi kwenye kundi lenu la michezo, na wewe uko upande gani?", najua wengi watajibu mambo ya Simba na Yanga, sasa ngoja na sisi wapanda mawe wa Dodoma tuingie maana wa kwetu hata refa hauna.

Tuko wachache tu. Kuna fundi aluminiamu, mwalimu wa sekondari, dada mmoja nesi, vijana wa UDOM wanaotokea na kupotea kufuatana na mitihani yao, na mimi mwenye steshenari karibu na Sabasaba. Wikiendi tunatoka nje ya mji kwenye majabali, na Dodoma kama kuna kitu Mungu alitugawia bila kupima ni mawe. Watu wanaenda pale Lion Rock kupiga picha jua likizama, sisi tunazunguka tunatafuta jiwe gani linashikika. Tunapanda mawe mafupi, bila kamba, chini tumetandika magodoro na wenzio wamenyoosha mikono wakuelekeze uangukie godoro sio kichwa. Huko nje wanaita bolda na ni mchezo kabisa una mpaka mashindano ya dunia, kwaiyo mama mkwe wangu akiuliza tena "mnatafuta madini?" nitamwonyesha hii.

Haya, ubishi. Ubishi ni gredi.

Kwa msiojua, kila njia ya kupanda jiwe inapewa namba ya kuonyesha ugumu. Kwenye bolda Wamarekani wanatumia V, ilianzia Hueco Tanks huko Texas, aliyeiweka ni mpandaji anaitwa John Sherman, unaanzia V0 na watu wameshafika V17. Wafaransa wana yao ya Fontainebleau, msitu uko karibu na Paris umejaa mawe. Sasa nani anatoa namba? Hakuna ofisi. Anayepanda wa kwanza anapendekeza, wanaokuja nyuma wanakubali au wanashusha. Adam Ondra yule Mcheki mwaka 2017 alipanda njia moja kwenye pango la Flatanger, Norway, hiyo ni ya kamba na vipimo vyake vingine, akaipa 9c, namba ambayo duniani ilikuwa haijawahi kutolewa, na nani angembishia wakati hakuna mwingine aliyefika juu?

Kwetu wapo wa kubisha. Fundi akitangulia kupanda anashuka anahema anasema hii V5. Nesi siku nyingine anapanda hilo hilo huku akili yake iko kwenye simu, anashuka, "V2 ya kutupotezea muda". Fundi anasema dada wewe una mikono mirefu. Nesi anasema kaka, kwani hiyo mikono nimeazima? Basi hapo chai inapoa, mwalimu anaanza kueleza urefu wa wastani wa binadamu kama vile kuna mtu kamuuliza, vijana wa chuo wanafungua simu kutafuta video, na mpaka tunarudi mjini hatujakubaliana.

Mimi msimamo wangu uko palepale na nimeshachoka kuurudia: wote wawili wanasema kweli ila wamepanda saa tofauti. Kupanda jiwe ni msuguano. Mpira wa kiatu unang'ang'ania vizuri jiwe likiwa la baridi, na vidole havitoi jasho. Jua likishapiga, mpira unalainika, ncha za vidole zinalowa, kile kishikio kidogo ulichokibana asubuhi bila shida kinakutema. Ndo maana wenzetu wa Ulaya wakiwa na jiwe gumu wanasubiri baridi, wengine wanapanda usiku na taa. Sasa wewe Dodoma hii, Novemba, saa saba mchana, jiwe limekaa juani tangu asubuhi hata mjusi kahamia kivulini, unaniambia V5, mi nitakuamini, kwako ilikuwa V5. Nesi anakuja saa kumi na mbili asubuhi katoka zamu ya usiku anapitiliza mawe, Julai, upepo ule mkavu unaouma masikio, hiyo V2 yake nayo ya kweli. Kwaiyo pendekezo langu, na naliandika hapa lisomwe maana kwenye chai wananizomea, ni kwamba daftari letu la njia pembeni ya namba liandikwe mwezi na saa. V5 Novemba mchana. V2 Julai alfajiri. Ubishi umeisha. Fundi anasema hiyo sio gredi hiyo ni utabiri wa hali ya hewa.

Alafu kuna kitu kingine wanachosahau, jiwe lenyewe halitulii. Watu wanadhani jabali ni kitu kimekaa tu hivyo hivyo. Hii itale ya kwetu ni ya zamani kupita akili, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2, ilipoa huko chini ya ardhi ndo udongo wa juu ukaondoka ikatokeza, na sasa iko nje inabambuka magamba. Joto la mchana, baridi la usiku, maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa, gamba linaachia taratibu mpaka siku linadondoka. Kishikio ulichokisifia mwaka jana mwaka huu hakipo, na namba yako imekufa nacho. Kwaiyo kabla ya kuning'inia gonga kwanza kwa kiganja usikilize, likilia kama debe tupu achana nalo. Hilo angalau hatubishani. Vijana wapya tunawafundisha kugonga kabla hata ya kuwafundisha kupanda.

Na nyuki! Kuna siku tumesimama chini ya ufa mmoja mzuri sana, mrefu, tunabishana kama ni V3 au V4 na hakuna hata mmoja aliyeugusa. Dogo mmoja anachunga mbuzi kasimama pembeni na fimbo yake anatusikiliza muda mrefu, mwisho akauliza, "Mnataka kupanda hapo? Juu kuna nyuki." Tukamshukuru, tukahama. Fundi anasema ule ufa uandikwe V17.

Ubishi mwingine mdogomdogo upo, chaki kwa mfano. Mwalimu alileta ya ubaoni akasema chaki ni chaki. Sio. Ya kupandia ni magnesiamu kabonati, inakausha jasho, ile ile ya wanasarakasi, na ya ubaoni kwa kawaida ni jasi, inakuachia unga unaoteleza. Alipanda, akateleza, akalaumu kiatu. Tumeacha.

Unaonitoa mimi kwenye utani ni ule wa kupanda majabali marefu bila kamba. Kila kijana mpya anayejiunga kashaona video za Alex Honnold, mpandaji wa Marekani, na kila mmoja anaanza na "mbona Honnold...". Ni kweli, tarehe 3 Juni 2017 yule bwana alipanda El Capitan huko Yosemite, ukuta wa karibu mita 900, hana kamba, akatumia muda wa saa tatu na dakika 56. Ila wadogo zangu mnaishia hapo kwenye video. Kabla ya siku ile aliipanda njia ile ile na kamba mara nyingi, akakariri kila sehemu mguu unakaa wapi na kidole gani kinaingia wapi, na mwaka 2016 alianza kupanda bila kamba akaona mwili haujatulia, akaghairi, akarudi. Huyo ndo Honnold. Wewe umejiunga mwezi uliopita, kamba hujui hata kuifunga, unataka kupanda jabali refu kwa sababu kuna mtu anakurekodi. Nesi huwa anawajibu kwa kifupi kuliko mimi, anasema mimi wodini nimeona waliodondoka kwenye mwembe, ule mwembe hauna hata mita 10. Wananyamaza.

Mbio za kupanda ukuta za Olimpiki nazo zina washabiki wake, ukuta wa mita 15, Paris 2024 Veddriq Leonardo wa Indonesia akachukua dhahabu kwa sekunde 4.75. Vijana wanataka na sisi tujenge. Fundi kapiga hesabu ya vyuma na nanga za ukutani, tangu siku hiyo hakuna anayelizungumza.

Sasa kuna jambo moja mimi silifanyii utani na niko tayari kugombana. Jamaa mmoja alikuja na wazo twende Kolo, huko Kondoa, kaona picha za yale mapango ya mawe na vibaraza vyake akasema kuna njia kali. Ndugu yangu, yale mawe yana michoro. Ni ya watu wa kale, wanyama, watu warefu wembamba, rangi nyekundu na nyeupe, yametawanyika kwenye zaidi ya mapango 150 na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Rangi ile imekaa juu ya jiwe miaka na miaka, jasho la kiganja na unga wa chaki ni sumu kwake, na huwezi kusema utapanda pembeni tu kwa sababu mchoro mwingine umefifia unaupita huuoni. Alafu sio makumbusho ya watu waliokufa peke yao, wenyeji mpaka leo wanaenda kufanya matambiko yao pale, kuombea mvua na wagonjwa.

Jamaa akasema eti jiwe ni jiwe. Kuna mwenzetu Mrangi, mtu wa Kondoa, kwa kawaida haongei, alimuuliza tu, "Kaka, kwenu makaburini mnapandaga?" Kikao kizima kikacheka, yeye hakucheka.

Siku hizi anasema hapana, hakuwa na maana ya kwenye michoro, anataka yale mawe mengine ya mbele zaidi yasiyo na kitu. Tumemwambia aanze kwa wazee wa kijiji na watu wa mambo ya kale, wakimwonyesha jiwe lisilo na kitu wakamruhusu kwa maandishi, tutachangia mafuta. Hajaenda bado. Ila gredi yake ameshaitaja, anasema V6.