Filamu Huangaliwa kwa Macho Kwanza

Watu wengi wakimaliza filamu huulizana: imeishaje? Swali hilo ni la hadithi, na hadithi hata jirani anaweza kukusimulia mkiwa barazani. Asichoweza kukusimulia ni kamera iliwekwa wapi, ilitulia hapo kwa muda gani, na nini kiliachwa nje ya picha. Machozi hutoka huko, na jicho hujifunza kuyaona mambo hayo kwa mazoezi.

Filamu nzuri ya kuanzia ni Tokyo Story ya Mjapani Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ina dakika 136. Kisa chake ni chepesi: mzee Shukichi na mkewe Tomi wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao, watoto hawana nafasi nao, wazee wanarudi kwao, mama anafariki. Kuujua mwisho hakuharibu kitu. Akili ikiacha kukimbiza kisa, macho yanapata kazi.

Kabla ya kubonyeza chochote, tengeneza runinga. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini runinga nyingi mpya hubuni picha za katikati ili mwendo uwe laini, na filamu inaishia kufanana na kipindi cha studio. Kwenye LG mpangilio huo unaitwa TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow, kwenye Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity. Uzime. Kisha kwenye aina za picha chagua Movie, Cinema au Filmmaker. Ile ya Vivid au Dynamic inang'aa sana, inafaa kuvutia wateja dukani, lakini huua vivuli. Utaona pia kingo nyeusi kushoto na kulia, kwa sababu filamu za wakati huo hazikuwa pana. Ziache kama zilivyo. Ukiivuta picha ijaze kioo, nyuso zinanenepa na mpangilio wote wa mwongozaji unavurugika.

Mara ya kwanza itazame yote, simu ikiwa chumba kingine. Usiongeze kasi hata kidogo: shoti, yaani kipande cha picha kisichokatwa, ya sekunde 10 ikichezwa kwa kasi ya 1.5 haifiki sekunde 7, na kwa Ozu zile tatu zilizokatwa ndizo mtu anapomeza mate kabla ya kujibu. Filamu ni ya Kijapani, kwa hiyo utasoma tafsiri chini ya picha. Isome mara moja kisha inua macho. Kosa la kawaida ni kubaki chini ukingoja mstari unaofuata, na mtu anamaliza saa mbili amesoma kitabu kifupi.

Siku ya pili chukua onyesho moja la dakika tatu hadi tano, uliangalie bila sauti wala tafsiri. Andika mambo matatu tu: kamera iko kimo gani, watu wameelekea wapi, na kila shoti inakaa sekunde ngapi. Utagundua haraka kwamba kamera ya Ozu imeshuka hadi kimo cha mtu aliyekaa mkekani, mara nyingi chini ya hapo, na lenzi yake ni ya milimita 50, ambayo haipanui chumba wala haikibani. Aliyekulia nyumba ya kukaa chini ataielewa picha hiyo mwilini kabla ya kuielewa kichwani. Katika mazungumzo, anayesema huangalia karibu kabisa na lenzi, kwa hiyo wewe unakuwa umeketi kati ya mzazi na mwanawe, na aibu ya mwana inakuangukia wewe. Kamera yenyewe husogea mara chache mno katika filamu nzima. Inaposogea, rudisha nyuma ujiulize kwa nini pale.

Usiziruke picha zisizo na mtu: dohani za viwanda, nguo zilizoanikwa, garimoshi likipita. Wengi hudhani ni mapengo. Ni pumzi, hisia ya onyesho lililopita inatulia hapo kabla ya jingine kuanza.

Sauti nayo ina zoezi lake. Chukua usiku wa Atami, mji wa pwani ambako watoto wamewapeleka wazazi ili wapate nafasi, kisha ukipe kioo mgongo. Muziki na kelele za wageni wengine zinatosha kukuonyesha wazee hawa wamelazwa mahali pasipo pao. Ndiyo maana filamu zilizotiwa sauti ya msimulizi, tulizozizoea vibandani, hazifai kwa mafunzo haya. Msimulizi mzuri ni fundi wa kweli, lakini kazi yake ni kujaza ukimya, na hapa ukimya ndio unaotafutwa. Asubuhi yake, ukutani kando ya bahari, Tomi anainuka na kuyumba kidogo kwa kizunguzungu. Ozu hapigi muziki wa hatari. Asiyeangalia hatajua kwamba ameshaambiwa.

Zoezi la mwisho ndilo zito. Linganisha mwanzo na mwisho wa filamu. Mwanzoni wazee wawili wamekaa sakafuni wakifunga mizigo, jirani anapita dirishani na kuwasifia watoto wao. Mwishoni ni chumba kilekile na jirani yuleyule dirishani, na Shukichi amekaa peke yake. Simamisha picha ya kwanza, weka kidole kwenye kioo alipokaa Tomi. Nenda kwenye ya pili bila kukiondoa kidole.